Pangua, kwepa, piga mtama: maswali yenu kuhusu mapigano ya mikono katika gemu ya ninja

Safari hii maswali yamemiminika kuhusu gemu moja, Ninjas & Superspies, aliyoitunga Erick Wujcik na kutolewa na Palladium Books ya Marekani mwaka 1988. Ni gemu ya mezani: kila mchezaji na karatasi ya mhusika wake, dadu katikati, na msimamizi anayeendesha hadithi. Nimefurahi, maana kanuni zake za kupigana mikono mitupu nazipenda sana na watu wengi huzikimbia bure.

Mlinzi akinirushia ngumi, nipangue au nikwepe? Wenzangu wanasema ni mamoja.

Si mamoja hata kidogo, na hapa ndipo wengi wanapopotezea pambano. Raundi moja ni sekunde 15, na ndani yake kila mhusika ana idadi yake ya mashambulizi. Tuseme wewe unayo 4. Mtu aliyefunzwa kupigana akipangua, hatozwi kitu; yale 4 yapo palepale. Akikwepa, linamtoka moja. Kwepa ngumi tatu mfululizo na umebaki na pigo moja tu la kujibu, huku mlinzi hajaguswa.

Tazama pigo lenyewe. Mlinzi anarusha dadu ya pande 20, inatoka 11, anajumlisha bonasi yake ya kupiga, 2. Jumla 13. (Jumla isipovuka 4, pigo limekosa lenyewe, huna haja ya kujikinga.) Unarusha yako, inatoka 9, na bonasi yako ya kupangua ni 4. Nawe 13. Mmetoka sare, na sare ni ya anayejikinga, kwa hiyo ngumi umeipangua. Ingetoka 8, ingekufika.

Kukwepa kuwekee yale yasiyopangulika, kama risasi. Ila ipo mitindo inayomruhusu mtu kukwepa bila kutozwa shambulio. Ukiwa na mtindo wa aina hiyo, kwepa utakavyo.

Na ipo njia ya tatu ambayo watu huisahau: usijikinge kabisa, rusha na wewe muda uleule. Wote wawili mnapoteza haki ya kupangua na kukwepa. Ni kamari, na mimi huipendekeza pale tu mpinzani anapokaribia kuanguka na wewe bado u mzima.

Nimeshindwa kupangua. Basi ndiyo nimeumia?

Bado. Unaweza kubingirika na pigo, yaani kuuacha mwili uende nalo badala ya kulipokea kwa ukakamavu. Rusha dadu tena. Ukifikia au kuvuka ile jumla ya mpigaji, unapata nusu tu ya madhara. Madhara hayo yanaanza kula S.D.C., ile akiba ya michubuko na kuishiwa pumzi, kabla ya kugusa pointi za uhai. Ndiyo maana mhusika aliyefunzwa vizuri anaweza kupokea makonde mengi akaendelea kusimama. Usiache kuomba dadu hiyo. Msimamizi mwenye shughuli nyingi anaweza asikukumbushe.

Kumbwaga mtu chini kunatoa madhara ya dadu moja ya pande 6 tu. Kuna faida gani wakati teke linaumiza zaidi?

Swali zuri kuliko yote ya leo. Aliyebwagwa anapoteza shambulio moja na pia anapoteza nafasi ya kuanza. Sasa rudi kwenye hesabu ya mwanzo. Mlinzi mwenye mashambulizi 3 ukimbwaga, amebaki na 2, na wewe ndiye unayetangulia. Mbwage tena, amebaki na 1. Hapo hajaumia sana, lakini hana la kufanya. Wachezaji hutazama namba za madhara kwa sababu ndizo zimeandikwa kwa uwazi, ilhali katika gemu hii mwenye mashambulizi mengi yaliyobaki ndiye mwenye pambano. Mtama nao uko katika kundi hilo: haumvunji mtu mbavu, unamwangusha.

Tunamtaka mlinzi akiwa hai ili tumhoji. Nisemeje kwa msimamizi?

Sema kabla ya kurusha kwamba unapunguza nguvu za ngumi, kisha upate 11 au zaidi kwenye dadu. Ukikosa, ngumi inakwenda na uzito wake wote.

20 tupu kwenye dadu ina maana gani?

Madhara mara mbili. Isiwe 18 ukajumlisha bonasi ya 2 ukadai ni 20. Hiyo ni jumla, dadu yenyewe ndiyo inayosema.

Ninja wangu alizingirwa na walinzi wanne akafa raundi ya pili. Kwani ninja si bingwa wa kupigana?

Pole, ndugu yangu. Kikanuni kilichomwua ni mgongo: shambulio asiloliona hawezi kulipangua, na wanne hawakosi mmoja wa nyuma. Ajiegemeze ukutani au asimame mlangoni, ili wamjie mmoja mmoja.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Shinobi wa Japani, yaani ninja wenyewe wa kihistoria, wale wa maeneo ya Iga na Koka, kazi yao ilikuwa ujasusi. Mkusanyo wa maarifa yao uitwao Bansenshukai, wa mwaka 1676, umejaa namna ya kujipenyeza, kujibadilisha sura, kutumia moto na kupeleleza. Ninja wa kupiga watu kumi uwanjani tumemzoea kwenye filamu. Gemu inakupa mapigano matamu, yafurahie, ila mhusika wa namna hii mpe pia njia ya kutokea kabla hajaingia. Ukisikia hatua za mlinzi wa pili zinakuja na wa kwanza bado amesimama, mbwage huyo wa kwanza, chukua ile nafasi ya kuanza uliyoipata, na utumie mashambulizi yaliyobaki kupanda ukuta.