Bodi iliyoingia maji ya bahari: tafuta shoti kabla hujaisingizia prosesa

Ndugu fundi, umesema simu ya mteja wako ilidondoka baharini pale kivuko cha Likoni, ikalazwa kwenye mchele, haiwaki, na mwenzako ameshakata shauri kwamba prosesa, ile chipu kuu iliyo ubongo wa simu, imekufa. Usiitupe. Hapa Mombasa simu za maji ya chumvi hazikosekani mezani, na nyingi zinazoitwa maiti utakuta ni kapasita moja tu (kile kipande kidogo kinachotunza na kuchuja umeme) iliyopiga shoti, yaani inapitisha umeme moja kwa moja pasipotakiwa.

Mchele haujasaidia kitu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Maji yakikauka chumvi inabaki palepale, na betri ikiwa imechomekwa, umeme unaendelea kula miguu ya chipu. Chomoa betri, bandua mabati yanayofunika chipu, halafu osha. Wengi wanakimbilia alkoholi, lakini alkoholi ya asilimia 99 haiyeyushi chumvi. Anza na maji yaliyokenekwa, yale wanayoongezea betri za gari (si asidi!), piga mswaki laini, ndipo alkoholi ije kuyafukuza maji. Kausha vizuri. Wakati mwingine shoti inaondoka na uchafu.

Isipoondoka, weka bodi kwenye pawa saplai, ile mashine ya mezani ya kulisha umeme inayoonyesha volti na ampea. Ikivuta ampea kabla hujagusa swichi, shoti kwa kawaida iko kwenye laini (njia ya umeme kwenye bodi) ya betri au laini kuu. Ikianza kuvuta baada ya kubonyeza, angalia laini ndogo zinazotoka kwenye chipu ya pawa, ile inayogawa umeme: pima kila koili inayoizunguka, moja baada ya nyingine, dhidi ya ground, yaani upande hasi wa bodi. Na chipu ya pawa ikichemka usiing'oe kwa hasira. Mara nyingi inachemka kwa kuwa laini inayoilisha ina shoti.

Hapa ndipo prosesa inaposingiziwa. Laini zake kiasili zina omu chache mno, kwa hiyo mita ikiwa kwenye kipimo cha mlio italia hata kwenye bodi nzima. Mlio si ushahidi. Weka mita kwenye kipimo cha daiodi, soma namba, linganisha na bodi nzima ya modeli hiyohiyo.

Sasa, kapasita zote za laini yenye shoti zitalia pamoja, maana zimeungwa sambamba. Kuzing'oa moja moja ni kuiumiza bodi bure. Ingiza umeme kwenye laini hiyo: anza na volti 1 (kwenye laini ya prosesa anza chini zaidi), zuia ampea isizidi 1, panda polepole, na usivuke kamwe volti ya kawaida ya laini. Laini kuu inabeba takriban volti 4, lakini laini ya prosesa ni kama volti 1 au chini yake, na ukikosea hapo ndipo utaiua kweli. Huna kamera ya joto? Fukizia bodi moshi wa rozini, ule utomvu mkavu wa kulehemu, mpaka ipate utando mweupe. Washa, kisha kodoa macho: utando utayeyuka mahali pamoja, na katikati ya doa hilo utakiona kijikapasita kidogo kuliko punje ya mtama. Huyo ndiye mwizi wako.

Kitoe, pima tena. Kama kilikuwa cha kuchuja umeme kwenye laini kuu, simu mara nyingi itawaka hata bila hicho, ila mimi napendelea kurudisha kingine kutoka bodi chakavu. Kama kiko kwenye njia ya mawimbi, kurudisha ni lazima.

Muulize pia mteja anataka nini hasa. Laini ya M-Pesa ataisajili upya, lakini picha hazina duka. Kwenye simu za sasa picha zimefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya prosesa, kwa hiyo kuhamisha chipu ya memori peke yake hakutoi kitu. Lazima bodi hii yenyewe iwake. Ikiwaka, mhamishie picha zake saa ileile, hapohapo mezani, kabla hata hujafunga skrubu, kwa sababu chumvi iliyojificha chini ya chipu zilizogandishwa gundi huwezi kuifikia yote.