Jibu: Nani anakagua kliniki binafsi za chanjo Tanga?

Dada, umeuliza kama kuna anayezikagua kliniki binafsi hapa Tanga kabla kaka yako hajachanjwa homa ya manjano kwa safari ya Kongo. Wapo. Timu ya afya ya halmashauri, chini ya Mganga Mkuu, hupita kuangalia usajili, leseni za watumishi na kumbukumbu.

Mimi nasisitiza friji. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwa joto letu hili umeme ukikatika kwa muda mrefu ni hatari. Omba uone karatasi ya joto mlangoni mwa friji: inajazwa asubuhi na jioni, au imeachwa wazi tangu Ijumaa? Mwenye kazi safi hatakasirika. Chupa nyingi za chanjo hii zina alama ya kuonyesha kama imepata joto: duara lenye mraba katikati. Mraba ukishafanana rangi na duara, au kuwa mweusi zaidi, akatae. Chanjo iliyokwisha kuchanganywa na maji yake haifai zikishapita saa 6 tangu ichanganywe.

Cheti kiwe na mhuri, saini na namba ya toleo la chanjo, na achanjwe mapema, maana kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Wakikataa kuonyesha friji, nenda ofisi ya Mganga Mkuu, toa taarifa.