Kimo cha skrini ni haba: kiokoe bila kuvuruga madirisha

Skrini za kompyuta zilipanuka, lakini nyingi hazikurefuka. Ile ya zamani ya pikseli (vidoa vinavyounda picha) 1024 za upana kwa 768 za kimo na ile ya laptopu nyingi za bei nafuu, 1366 kwa 768, zina kimo kilekile. Kilichoongezeka ni pikseli 342 za upana. Skrini ya mezani ya 1280 kwa 1024, ambayo watu wengi waliiacha kwa kuiona imepitwa na wakati, inazizidi zote mbili kwa kimo. Nasi tunaoshinda kutwa nzima tukiandika, kusoma na kukagua majedwali, kimo ndicho tunachokihitaji.

Ndiyo maana nikikaa mbele ya kompyuta ngeni huanza kwa kutazama pau za mlalo. Chini kuna upau wa kazi, wenye aikoni za programu zilizofunguliwa, ambao kwenye Windows 10 huchukua pikseli 40. Juu kuna upau wa jina la dirisha, kisha menyu, kisha zana, pengine na vichupo. Zikijumlishwa kwenye skrini ya 768, zaweza kumeza zaidi ya robo ya kimo kabla hujaona mstari wako wa kwanza.

Dawa ya haraka ni kuhamishia vitu ubavuni, kwenye upana unaokaa bure. Windows 10 na KDE Plasma, mojawapo ya mazingira ya eneokazi ya Linux, huruhusu upau wa kazi ukae kushoto. LibreOffice, programu huria za ofisi, ina mpangilio unaoweka zana pembeni, nami siuachi. Kwenye Word na Excel, bonyeza Ctrl na F1, utepe wa zana utajikunja. Kuuficha upau wa kazi kabisa sikushauri: kila ukishusha kishale kugusa kitu kilicho chini ya dirisha, upau unachomoza na kukufunika.

Ugumu unaanza pale programu zenyewe zinapojitwalia kazi ya kubana nafasi. Kivinjari cha Chrome kilipotoka mwaka 2008 kilipandisha vichupo hadi kwenye upau wa jina. GNOME 3.10, mazingira mengine ya eneokazi ya Linux, mwaka 2013 ikaleta upau mmoja unaobeba jina, vitufe na menyu kwa pamoja. Wazo lenyewe nalipenda, maana upau wa jina mara nyingi ni nafasi tupu. Lakini kila programu ikijichorea wake, mkono unapotea. Hii menyu yake iko kulia, ile kushoto, na nyingine imejaza vitufe hadi hakuna pa kushika ili uisogeze. Umeokoa pikseli 30, halafu kila ukihama dirisha unasimama kutafuta. Kwangu hiyo ni hasara, na inarudi siku nzima.

Si lazima uchague kimoja kati ya kuokoa nafasi na kuwa na menyu unayoizoea. Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na menyu moja tu, juu kabisa ya skrini, kwa programu zote. Dirisha halikubeba menyu yake, kwa hiyo nafasi ikaokolewa. Na menyu haikuhama, kwa hiyo mkono ukaizoea. Tena kishale hukomea ukingoni mwa skrini, hata ukisukuma kipanya kwa kasi huwezi kuipita. KDE Plasma hadi leo hukuwezesha kuweka menyu ya namna hiyo.

Ukiwa unaunda programu, nakusihi: vitufe vya kufunga na kupunguza dirisha viache upande ambao mtumiaji ameuweka kwenye mfumo wake. Acha sehemu tupu juu, ya kushikia. Toa chaguo la kurudisha upau wa jina, kama Firefox inavyofanya kwenye ukurasa wake wa kupanga zana. Paneli zako zipeleke pembeni.

Halafu jaribu programu yako kwenye 1366 kwa 768, hasa madirisha ya mipangilio. Nimekutana na mengi ambayo kitufe cha kuhifadhi kimezama chini ya skrini na dirisha halikubali kupunguzwa. Kwenye Windows, Alt na kitufe cha nafasi hufungua menyu ya dirisha. Chagua kusogeza, kisha lipandishe kwa vishale vya kibodi hadi kitufe kionekane. Kwenye GNOME, shikilia kitufe cha Super (kile chenye nembo ya Windows kwenye kibodi nyingi) na uliburute kwa kipanya ukilishika popote. Muundaji angeweza kutuepusha na yote hayo kwa kuruhusu yaliyomo kwenye dirisha yasogezwe juu na chini, na vitufe vikabaki mahali pake.