Taa za mtaani hazijileti, dada

Binti mmoja wa Tabata kaniandikia wiki hii: "Dada, nimeona picha za taa mpya mtaani kwenu. Mlimhonga nani?" Hatukumhonga mtu, mdogo wangu. Tulidai.

Mimi hutoka kazini usiku. Kutoka kituo cha daladala hadi kwangu, huku Mbagala, njia inapita nyuma ya gereji: ukuta huku, mtaro wazi kule, giza totoro. Wengi wetu tulikuwa tunapanda bodaboda kwa mwendo wa dakika tano, buku zima kila usiku, wakati wanaume wanapita bure. Hiyo ni kodi ya kuwa mwanamke.

Nilipolisema jambo hili kwenye mkutano wa mtaa, mzee mmoja akauliza: "Mwanamke wa heshima anatafuta nini nje saa nne usiku?" Watu wakacheka. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo, maana miongoni mwao walikuwemo ambao wake zao ni manesi wa zamu ya usiku.

Mwaka 1989 METRAC, shirika la Toronto, Kanada, linalopinga ukatili dhidi ya wanawake, lilitunga utaratibu wa wanawake kukagua wenyewe njia wanazopita, usiku, kwa miguu: wapi huoni mbele, wapi huna pa kukimbilia, wapi ukipiga kelele hakuna wa kusikia. Utaratibu huo ukafika mpaka Manzese, hapa hapa Dar es Salaam, kupitia Miji Salama, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza uhalifu mijini. Basi na sisi tukatoka, mama lishe, wauza duka, wanafunzi wa jioni, tukamchukua na mjumbe mmoja wa serikali ya mtaa. Tukamwomba atangulie peke yake. Alipofika penye mtaro akawasha tochi ya simu. Tukamwambia azime. Kikao kilichofuata, yeye ndiye aliyesimama kutuombea taa.

Kwa hiyo usiende kulalamika kwamba mji hauna usalama. Taja kona. Taja saa. Nendeni wengi, na mwenye mtoto mgongoni awepo, na bibi mwenye mkongojo awepo, maana hatuogopi sehemu zilezile. Wakikucheka, rudi kikao kijacho, na kinachofuata pia. Mji huu tunaulipia kodi, tunaupikia, tunaufagia alfajiri. Kupita barabarani usiku si fadhila tunayoomba.

Na kabla taa hazijafungwa, ulizeni nani atabadilisha betri za sola zikifa, jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, nanyi mbaki na nakala.