Intaneti ya nyumbani: nilivyolipia kasi nisiyoitumia

Kilichonifanya niongeze kifurushi ni sura yangu mwenyewe. Nilikuwa kwenye kikao cha kazi kwa video, naeleza jambo la maana kabisa, mara nikajiona nimeganda kwenye skrini, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Siku hiyo hiyo nikampigia mtoa huduma, nikahama kutoka Mbps 20 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi ya intaneti) hadi 50. Wiki iliyofuata nikaganda tena, safari hii kwa bei kubwa zaidi.

Aliyenifumbua macho ni fundi aliyekuja kwa shughuli nyingine. Alichomeka waya kutoka kwenye rauta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, moja kwa moja hadi kwenye kompyuta yangu, akapima: 47. Tukaenda chumba ninachofanyia kazi, tukapima kwa Wi-Fi: 6. Rauta yenyewe nilikuwa nimeificha sakafuni nyuma ya televisheni, maana taa zake zilinikera usiku. Kati yake na meza yangu kulikuwa na kuta mbili na jokofu. Fundi akacheka: "Bomba likiziba, wewe huwa unaongeza tangi?"

Kwa hiyo kabla hujabadilisha kampuni wala kifurushi, pima kwa waya, kisha pima kwa Wi-Fi pale unapokaa. Waya ukikupa karibu na kile unacholipia na Wi-Fi ikakupa robo yake, ugonjwa uko ndani ya nyumba. Iweke rauta juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba kama inawezekana. Masafa ya redio ya Wi-Fi ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole na mara nyingi yamejaa mitandao ya majirani. Ya 5 GHz yana kasi ila hayafiki mbali. Kompyuta ya kazi mimi niliivutia waya.

Hata hivyo kuganda hakukuisha, na hapa ndipo nilipogundua kosa langu la pili: sikuwahi kuuliza kasi ya kupakia. Matangazo yote hupiga kelele kuhusu kasi ya kupakua, yaani kinachoingia nyumbani. Lakini kwenye kikao sura na sauti yako zinatoka. Video safi ya kikao inataka Mbps 3 hadi 4 za kupakia, na mimi nilikuwa na 5 tu. Simu moja ikianza kuhifadhi picha zake mtandaoni, kwisha habari. Laini za waya wa shaba ndivyo zilivyo mara nyingi, zinaingiza kingi na kutoa kidogo. Vifurushi vingi vya faiba (nyaya za nyuzi za kioo) hutoa kasi sawa pande zote mbili.

Ukishajua hilo, hesabu watu. Usihesabu waliomo ndani, hesabu wanaotumia kwa pamoja saa ile yenye fujo kuliko zote. Filamu ya HD, yaani yenye picha safi, inahitaji kama Mbps 5, ya 4K, iliyo safi zaidi, kama 15. Televisheni moja ya 4K, moja ya HD na kikao kimoja hazifiki hata 30. (Na kabla hujamgombeza mtoa huduma kwamba amekuibia: kifurushi hupimwa kwa megabiti, lakini programu nyingi za kupakua huonyesha megabaiti. Gawanya kwa 8. Mbps 50 ni megabaiti 6 na kidogo kwa sekunde. Nilishagombeza bure.)

Kuhusu aina ya huduma, faiba ikipita mlangoni kwako, ichukue. Rauta ya laini ya simu, 4G au 5G, inategemea mnara na wingi wa watu walioung'ang'ania, kwa hiyo ijaribu kwanza kwa simu yako, laini hiyo hiyo, saa mbili usiku. Ukipima asubuhi unajidanganya. Setilaiti ni ya pale ambapo hakuna kingine, ila tofautisha: ile ya zamani inakaa kilomita 35,786 juu ya dunia, na kila swali na jibu vinachukua zaidi ya nusu sekunde, hivyo katika mazungumzo mtakuwa mnakatizana. Za chini, kama Starlink, ziko kama kilomita 550, na ucheleweshaji wake ni mdogo sana. Dishi lake lakini linataka anga wazi. Mti mmoja unatosha kukuharibia.

Neno "bila kikomo" lisome mpaka mwisho wa karatasi. Mara nyingi kuna kiwango ambacho ukikivuka kasi inashushwa hadi mwisho wa mwezi. Filamu ya HD inaweza kula GB 3 kwa saa, kwa hiyo nyumba inayotazama saa nne kila siku inamaliza GB 360 kwa mwezi kabla hata hujafungua barua pepe. Uliza pia mkataba unakufunga kwa muda gani, na ukitaka kuhama nyumba itakuwaje.

Mimi nimeishia kwenye faiba ya Mbps 30 kuingia na 30 kutoka, ndogo kuliko ile 50 niliyokuwa najivunia. Rauta iko juu ya kabati ukumbini, na zile taa zake nimezizibia utepe mweusi.