Salamanda na tumbili: makomredi wa mwaka wa kwanza, andikeni spishi kwanza

Nimesaidia kusahihisha ripoti zenu za maabara za kulinganisha salamanda na tumbili, uainishaji na hadhi yao ya uhifadhi, wiki hii na jameni, mnarudia yale yale ya waliowatangulia, na hizi ni maksi za bure.

1. Salamanda si mjusi. Ni amfibia, oda ya Caudata, ngozi laini yenye unyevu, hana magamba wala kucha. Kenya hatuna hata mmoja porini, Afrika wako kaskazini tu, kwa hivyo yule wa ukutani hosteli ni mjusi kafiri, mwacheni ale mbu.

2. Salamanda na tumbili wote ni himaya ya Animalia, faila ya Chordata, halafu klasi inawatenganisha, tumbili Mammalia, oda ya Primates, na salamanda Amphibia. Jedwali linatosha, msinijazie kurasa.

3. Hii ndiyo inaniuma. Mtu anaandika "tumbili LC, salamanda CR" (LC ni hatari ndogo kabisa ya kutoweka, CR ni hatari kubwa mno) anafunga kitabu. Tumbili gani?! IUCN, shirika la uhifadhi lenye Orodha Nyekundu ya hadhi hizi, inapima spishi. Kuna grupu ilisimama mbele ya darasa na picha za kima wa msitu wa Karura, Nairobi, wakipokonya watu mkate, wakasema tumbili wako wengi, hakuna shida, leksa akawauliza tu "na wa Mto Tana?" kimya, wote wanne wanaangalia viatu, na walikuwa watoto wenye bidii, niliwahurumia sana. Kima wa Karura ni LC kweli. Lakini shuka Tana, mbega mwekundu, Piliocolobus rufomitratus, ni CR, amebaki kwa vipande vya msitu kando ya mto na watu wanakata wapande mahindi. Upande wa salamanda pia msidanganywe na wingi, aksolotli, salamanda wa Mexico (Ambystoma mexicanum), amejaa kwa maabara na akwaria dunia nzima na bado ni CR, kwa sababu kinachohesabiwa ni wale wa porini, na hao wamebaki hasa Xochimilco, kwa mifereji ya Mexico City, maji machafu, na mayai yao yanaliwa na karpu na tilapia walioletwa kufugwa. Tilapia, samaki wa huku kwetu Afrika! Hiyo ndiyo sababu ya kuandika kwa ripoti, sio "uharibifu wa mazingira" halafu nukta.

4. CITES ni mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, msiichanganye na Orodha Nyekundu.

5. Jina la kisayansi ukiandika kwa mkono pigia mstari, na uweke mwaka wa tathmini, hadhi hubadilika.

Wenye waliandika "tumbili" bila spishi leteni upya kabla ya Ijumaa, nitasoma zote.