Kompaila Ikigoma: Ushauri kwa Wanaogusa Msimbo wa Kumbukumbu wa Kerneli

Mtu anayeanza kuhariri kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi, huogopa zaidi ile saa kompyuta itakapoganda na kumlazimu aizime kwa swichi. Kwa uzoefu wangu, sehemu kubwa ya hatari hiyo hupandwa mapema, wakati wa kukompaili, pale kompaila, programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inapoukataa msimbo na mwandishi akaamua kuinyamazisha. Katika msimbo unaosimamia kumbukumbu, kosa la kukompaili mara nyingi ni taarifa kwamba makubaliano fulani yamebadilishwa na watu wengine, mahali pengine, kwa sababu ambayo haikuandikwa kwenye skrini yako. Kazi ya kwanza ni kuitafuta sababu hiyo, na kuifanya kompaila ikubali huja baadaye.

Nitatumia mfano wa kazi tuliyoifanya hapa Mwanga, Kigoma mjini, pamoja na vijana ninaowafundisha programu nyakati za jioni. Walikuwa na draiva (programu inayoiwezesha kerneli kutumia kifaa) ya kadi ya kunasa data iliyoandikwa kwa ajili ya kerneli 4.9, toleo la Desemba 2016, na walitaka ifanye kazi kwenye 6.6, toleo la Oktoba 2023. Kati ya matoleo hayo msimbo wa kumbukumbu umejengwa upya sehemu nyingi, kwa hiyo skrini ilijaa malalamiko tangu juu hadi chini. "Mwalimu, tuanzie wapi?" aliuliza mmoja wao. Jibu langu huwa ni lile lile: soma kosa la kwanza, mengine yaache.

Kompaila ikishindwa kuitambua aina moja ya data, kila mstari unaoitumia aina hiyo utalalamikiwa, na lalamiko la arobaini huwa halina habari yoyote ambayo haikuwamo kwenye la kwanza. Ukitumia amri ya kujenga kerneli, make -j8, kazi nane hukompailiwa kwa pamoja na ujumbe wake huchanganyika, hivyo rudia kwa make -j1 ili upate mpangilio wa kweli. Na kama unahariri faili moja ndani ya saraka ya mm, yenye msimbo wa kumbukumbu, usiijenge kerneli nzima kila mara, kwa sababu make mm/vmscan.o hukompaili faili hilo peke yake, jambo lenye nafuu kubwa kwa mwenye kompyuta ndogo katika mji ambao umeme hukatika bila kubisha hodi. Ukibadilisha .o ikawa .i, utapewa faili lile lile baada ya makro (vifupisho vya msimbo) zote kufunuliwa, na hapo utaona kile ambacho kompaila yenyewe inakiona.

Makosa mepesi tuyapite haraka. Ujumbe wa "implicit declaration of function 'vmalloc'" maana yake ni kwamba faili lako halijaitaja heda (faili la matangazo ya fanksheni) ya linux/vmalloc.h, na huenda awali lilikuwa likiipata kupitia heda nyingine bila wewe kujua. Ndiyo maana msimbo ule ule unaweza kupita kwenye kompyuta ya x86 na kukataliwa kwenye ubao wa ARM. Itaje heda yenyewe, usitegemee ya kuazima. Vilevile, ukiambiwa kwamba mmap_sem, kufuli la kumbukumbu ya mchakato, haimo ndani ya mm_struct, muundo unaoielezea kumbukumbu hiyo, ujue kwamba tangu toleo la 5.8 la mwaka 2020 kufuli hilo linaitwa mmap_lock na hushikwa kwa mmap_read_lock au mmap_write_lock, ili wenye kerneli waweze kubadilisha namna kufuli linavyofanya kazi bila kugusa kila mahali linapotumika. Hapo ni kubadilisha majina, mradi uhakikishe kila mahali pa kufunga pana mwenzake wa kufungua.

Kosa linalostahili muda wako ni hili: "assignment of read-only member 'vm_flags'". Draiva ilikuwa na mstari wa kawaida kabisa, vma->vm_flags |= VM_IO | VM_DONTEXPAND, unaoongeza bendera (biti za sifa) kwenye eneo la kumbukumbu, yaani vma, na ambao kwa miaka mingi uliandikwa hivyo hivyo na kila mtu. Kuanzia toleo la 6.3 la mwaka 2023 sehemu hiyo ya muundo imetangazwa kuwa ya kusomwa tu. Kijana mmoja alipata upesi njia ya kuizunguka: kuigeuza kwa nguvu aina ya pointa (kigezo kinachobeba anwani), kuiambia kompaila kwamba hii ni unsigned long ya kawaida, kisha kuandika. Kompaila inakubali, moduli inajengwa, na draiva inapakiwa bila neno.

Tukaenda kutafuta sababu. Mabadiliko hayo yaliletwa na Suren Baghdasaryan kama maandalizi ya makufuli ya kila eneo la kumbukumbu, yaliyoingia kwenye toleo la 6.4. Kabla ya hapo, programu yenye nyuzi nyingi (kazi zinazoendeshwa sambamba) ilipokuwa ikihitaji kurasa mpya za kumbukumbu, nyuzi zote zilipita kwenye kufuli moja la mchakato mzima. Baada ya hapo, uzi unaweza kushughulikia ukurasa wake kwa kushika kufuli la eneo husika tu. Sasa, fanksheni ya vm_flags_set haiweki biti peke yake, bali kwanza inahakikisha kwamba eneo hilo limefungwa kwa ajili ya kuandikwa. Anayeandika kwa kugeuza pointa anaipita hatua hiyo, na siku uzi mwingine utakapokuwa unalisoma eneo hilo hilo kwa wakati huo huo, hakuna kitakachowazuia kugongana. Mstari sahihi ni vm_flags_set(vma, VM_IO | VM_DONTEXPAND), mfupi kuliko ule wa ujanja. Tena, kama draiva yako inatumia remap_pfn_range, fanksheni hiyo huweka bendera hizo yenyewe, na pengine mstari mzima unaweza kuufuta.

Kugeuza pointa kwa nguvu ndiyo tabia ninayoipiga vita kuliko zote, na kosa lililofuata lilionyesha kwa nini. Fanksheni ya fault, inayoitwa ukurasa unapokosekana, zamani ilipokea vitu viwili, vma na vmf (maelezo ya tukio hilo). Tangu toleo la 4.11 la mwaka 2017 inapokea vmf peke yake, na vma inapatikana ndani yake kwa vmf->vma. Kompaila ikalalamika kwamba aina za pointa hazilingani. Ukiweka mabano ya kugeuza aina, lalamiko linakwisha, lakini fikiria kitakachotokea kwenye prosesa ya x86 ya biti 64: kerneli inaweka anwani ya vmf kwenye rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa) ya rdi, fanksheni yako inaichukua ikidhani ni vma, kisha inasoma rsi kutafuta kitu cha pili ambacho hakuna aliyekiweka. Yaliyomo humo ni mabaki ya hesabu nyingine, na wewe unayatumia kama anwani.

Wakati mwingine ujanja huo hufanya kazi vizuri kabisa kwenye kompyuta yako, na hapo ndipo ubaya ulipo. Msimbo wa zamani unaotembea kwenye majedwali ya kurasa, yanayotafsiri anwani ngazi kwa ngazi, hutoka ngazi ya pgd kwenda ya pud moja kwa moja. Mwaka 2017 iliingizwa ngazi ya p4d katikati, ili prosesa zenye ngazi tano ziweze kutumia anwani za biti 57 mahali pa 48. Ukiigeuza pgd iwe p4d kwa mabano, kompyuta ya ngazi nne haitakulaumu, kwa kuwa humo p4d imekunjwa ndani ya pgd. Hamishia moduli hiyo kwenye seva ya ngazi tano, nayo itasoma jedwali la ngazi moja ikidhani ni la ngazi nyingine. Andika p4d_offset mahali pake, hata kama kwako inaonekana haina kazi.

Swali la vijana lilikuwa: tutazijuaje sababu hizi wakati intaneti ni ya bando? Ushauri wangu ni kuchukua historia nzima ya kerneli mara moja, kwa bando la usiku, na kugawana kwa diski ya nje. Kunakili kwa git (programu inayotunza historia ya msimbo) ukitumia --depth 1, yaani bila historia, kunaokoa gigabaiti kadhaa, lakini kunakunyima kitu chenyewe unachokihitaji. Ukiwa na historia, amri ya git log -S'const vm_flags_t vm_flags' -- include/linux/mm_types.h itakupeleka kwenye badiliko lenyewe pamoja na maelezo ya mwandishi wake. Kama huna historia, pekua saraka ya drivers kwa grep, amri ya kutafuta maneno, uone wenzako walivyorekebisha draiva zao. Mamia ya mifano imelala humo, na haihitaji bando.

Wanaohariri mm yenyewe watakutana na makosa yaliyowekwa kwa makusudi, kama lile la "Not enough bits in page flags". Hilo limeandikwa na binadamu kwa #error, na maana yake ni kwamba neno moja linalobeba bendera za ukurasa, pamoja na zoni na nodi (mahali ukurasa ulipo), limejaa. Kuna wanaolifuta sharti hilo ili kazi iendelee. Usilifute, punguza ulichoongeza. Muundo wa struct page kwa kawaida una baiti 64 kwa kila ukurasa wa baiti 4,096, hivyo kompyuta yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu hutumia megabaiti 128 kwa miundo hiyo tu. Ukiuongezea baiti 16, umekula megabaiti 32 nyingine za mwenye kompyuta.

Kwa draiva zinazopaswa kufanya kazi kwenye matoleo mengi, watu hutumia LINUX_VERSION_CODE, namba ya toleo la kerneli, kuchagua mistari. Inafaa, ila baadhi ya watengenezaji wa Linux hurudisha mabadiliko mapya kwenye kerneli zao zenye namba za zamani, kwa hiyo jaribu kwenye kerneli halisi atakayoitumia mteja.

Ukishapata ukimya wa kompaila, kompaili tena kwa usanidi mwingine: zima NUMA (kumbukumbu iliyogawanywa kwa nodi), zima kurasa kubwa, kisha jaribu allnoconfig, usanidi unaozima kila kinachozimika. Fanksheni mpya iliyofungwa ndani ya #ifdef (sharti la kukompaili) inahitaji mbadala wake mtupu wa static inline kwenye heda kwa ajili ya usanidi ambao haunayo. Mwishoni endesha make C=2 ukiwa umesakinisha kikaguzi cha sparse, ambacho hukagua yale ambayo gcc, kompaila yenyewe, haiyatazami, likiwemo jina la __vm_flags lililofichwa kwa alama ya __private, ambalo mjanja mwingine angeweza kuliandikia moja kwa moja na gcc ikanyamaza.